Ratiba Ndiyo Mshahara Ulio Mkononi Mwako

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Tangu muhula uliopita mimi ni kaimu mwalimu mkuu katika shule ya umma huku Eastlands, Nairobi. Tuna chekechea, msingi na sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9) katika ua mmoja. Jioni nasomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa elimu, na nimekariri Taylor, Mayo, Maslow, Herzberg, McGregor na Vroom, wale wa nadharia za usimamizi na motisha, hadi nawaota. Lakini nikiingia stafrumu sioni pa kuzishikia nadharia zenyewe. Walimu wanachelewa. Wengine wanakaa na chai hadi kipindi kinafika nusu. Fomu za TPAD, zile za kutathmini utendaji wa mwalimu, tunazijaza siku ya mwisho. Nilijaribu jambo moja: nikatangaza kombe la Mwalimu Bora wa muhula, kwa kufuata alama za darasa. Kombe nimeshalinunua na limeshaandikwa. Sasa walimu wa gredi za chini hawanisalimii, na wale wa sekondari msingi wananicheka. Je, nadharia hizi zinatufaa kweli, au ni za viwanda vya Marekani? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Pole kwa kombe, nitalirudia mwishoni.

Nyingi ya nadharia hizo ni za viwanda vya Marekani, na ni vizuri ulikumbuke hilo kila unapozisoma. Frederick Taylor alikuwa mhandisi. Kisa chake kinachosimuliwa katika kila darasa la usimamizi ni cha vibarua waliokuwa wakipakia vipande vya chuma kwenye mabehewa huko Bethlehem, Pennsylvania, mwaka 1899. Kwa maelezo yake mwenyewe, kibarua mmoja alikuwa akipakia tani 12 na nusu kwa siku. Walipopimiwa mwendo na mapumziko, aliyefuata maagizo alifika tani 47 na nusu, na malipo yake yakapanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85. Wahadhiri hukaza macho kwenye saa ya kupimia. Mimi nakuomba uziangalie zile senti 70. Taylor alikuwa na pesa za kumwongeza mtu, na asiyetaka utaratibu wake aliweza kuondolewa hapo.

Wewe je? Kumsajili mwalimu, kumwajiri, kumpandisha cheo, kumhamisha na kumwadhibu ni kazi ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC), iliyoundwa kwa sheria ya 1967 na ambayo tangu Katiba ya 2010 imesimama juu ya ibara ya 237. Unaweza kupendekeza, unaweza kuandika barua, lakini huwezi kumwongeza mwalimu hata nauli ya matatu. Ukizisoma nadharia hizi kama orodha ya vitu vya kuwapa watu, utaimaliza orodha ukiwa mikono mitupu.

Nilikikalia kiti hicho miaka mingi kabla ya kugundua kwamba kuna kitu kimoja ambacho mwalimu mkuu hukigawa mwenyewe kila muhula, na ambacho kila mwalimu hukipokea kwa macho yale yale anayosomea hati ya mshahara. Ni ratiba. Nani ana vipindi vingi na nani ana vichache. Nani amepewa kipindi cha kwanza siku tano za juma na nani hana hata kimoja. Nani ana darasa la watoto 70, nani anasimamia foleni ya chakula, nani yuko zamu wiki ya mitihani. Hizo ndizo pesa zako, mwalimu. Anzia hapo, kisha uziite nadharia moja moja zije zikusomee hiyo ratiba.

Nikupe kwanza kosa langu, ili usinione kama mtu anayehubiri kutoka mimbarini. Nilipopata shule yangu ya kwanza, kuchelewa kulikuwa ugonjwa, kama kwako. Nikaweka daftari la kutia sahihi kwenye meza ya katibu, na ikifika saa moja na nusu asubuhi napiga mstari mwekundu. Anayeandika chini ya mstari amechelewa. Wiki ya pili hakukuwa na jina hata moja chini ya mstari, nikajiona Taylor wa Nairobi. Wiki ya nne nikazunguka madarasani saa mbili na nusu. Walimu wote walikuwa ndani ya ua wa shule, wamefika kwa wakati, wametia sahihi kwa kalamu nzuri, na nusu yao walikuwa stafrumu wakisoma gazeti. Nilikuwa nimepima kufika, nikapata kufika. Kufundisha sikukupima, na hakuna aliyeniletea.

Hapo ndipo Elton Mayo, anayehusishwa na utafiti wa Hawthorne, anapoingia, ingawa si kwa mlango wanaoutumia wengi. Utaambiwa darasani kwamba katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, kando ya Chicago, kati ya 1924 na 1932, taa ziliongezwa na uzalishaji ukapanda, zikapunguzwa na uzalishaji ukapanda tena, kwa kuwa wafanyakazi walifurahi kuangaliwa. Kisa kitamu, lakini watafiti waliorudia kuzichambua takwimu za zile taa miaka mingi baadaye walikuta kimetiwa chumvi. Kisome kwa tahadhari. Jaribio lenye faida kwako ni la mwishoni kabisa, lile la chumba cha wafunga nyaya, 1931 hadi 1932. Wanaume 14, malipo yanafuata kazi ya kundi zima. Kwa hesabu ya Taylor wangekimbizana. Hawakukimbizana. Walikuwa wamekubaliana chinichini kiasi cha kazi kinachotosha kwa siku. Aliyezidisha alipewa majina ya kejeli na kupigwa ngumi begani. Aliyezembea mno alisemwa vilevile. Na aliyepeleka habari kwa msimamizi alikuwa adui wa wote.

Sasa niambie kama hiyo si stafrumu yako. Kila shule ina kiasi chake cha kazi kilichokubaliwa bila kikao. Mwalimu kijana anafika na chati zake, anaingia darasani kengele ikilia, anasahihisha madaftari yote. Mwezi wa kwanza wanamtazama. Mwezi wa pili mtu anamuuliza huku akicheka, "Kwani wewe unatafuta cheo?" Mwezi wa tatu amejifunza kumaliza chai yake polepole. Hakuna aliyempiga ngumi, swali lilitosha. Ukimsifu mbele ya wenzake katika mkutano wa Jumatatu, umemtia kwenye taabu zaidi, maana umemfanya kipimo cha kuwapimia wengine. Sifa zake mpelekee kwa faragha, na ukitaka kukibadilisha kile kiasi cha kazi, zungumza na wanaokilinda. Unawajua. Ni wawili au watatu, wa zamani, na wala si lazima wawe na cheo. Naibu wako anaweza kutoa tangazo na lisisikike, kisha mwalimu mmoja wa Gredi ya 3 aliye hapo tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ukiwa mchanga akaguna tu, na jambo likafa. Huyo mguno wake ndio utawala usio rasmi wa shule. Mwite ofisini, si kumkemea. Muulize anaionaje ratiba.

Atakuambia habari za haki, na hapo utakuwa umefika kwenye nadharia ambayo hukuitaja katika swali lako, na kwa maoni yangu ndiyo inayoifaa shule ya Nairobi kuliko zote. John Stacey Adams aliieleza mwaka 1963: mtu haangalii tu anachopata. Hukiweka kando ya anachotoa, kisha hulinganisha na mwenzake. Akiona mizani imelala upande, haendi lazima kulalamika. Anaweza kuisawazisha mwenyewe, kwa kupunguza anachotoa.

Hesabu hati za mshahara zilizomo katika ua wako. Kuna walimu wa kudumu wa TSC. Kuna wanagenzi wanaofanya kazi ile ile kwa posho. Wa sekondari msingi walikuwa wakipewa shilingi 20,000 kabla ya makato, na mwanzoni mwa muhula wa pili 2024 waligoma wakitaka ajira ya kudumu. Kuna walimu wa chekechea walio chini ya kaunti, kwa kuwa Katiba iliwapa kaunti elimu ya awali. Na bila shaka kuna mmoja au wawili walioajiriwa na Bodi ya Usimamizi, wanaolipwa kutokana na michango na kwa huruma. Waajiri watatu, mishahara ya aina nne, birika moja la chai. Hiyo tofauti hukuileta wewe na huwezi kuiondoa. Lakini unaweza kuizidisha, na wakuu wengi huizidisha bila kujua. Ukichelewa kupata mtu wa kusimamia foleni, unamwita nani? Mwanagenzi, maana hatakataa. Darasa la mwalimu aliye likizo ya uzazi anapewa nani? Mwanagenzi. Aliye chini kwa mshahara anapandishwa juu kwa mzigo.

Tena madhara hayaishii kwake. Katika shule za magharibi mwa Kenya, mnamo 2005 na 2006, watafiti walifuatilia kilichotokea pale kamati za shule ziliposaidiwa kuajiri mwalimu wa ziada wa mkataba, kwa takriban robo ya mshahara wa mwalimu wa serikali. Watoto waliofundishwa na huyo wa mkataba walifanya vizuri. Walimu wa kudumu katika shule hizo hizo wakapunguza kuingia darasani. Mkono wa ziada umekuja, wakaushusha wao. Palipotolewa mafunzo kwa kamati za shule ili zifuatilie mambo, ulegevu huo ulipungua. Kwa hivyo ukimbebesha mwanagenzi kila kitu umemchosha yeye na umewafundisha wenzake kukaa.

Fanya hivi kabla muhula ujao haujaanza. Chukua karatasi kubwa, andika kila mwalimu na idadi ya vipindi vyake, idadi ya watoto katika madarasa yake, zamu zake, na kazi za pembeni: michezo, drama, vitabu, chakula. Chakula kiandike kabisa, usikiite kitu kidogo. Tangu kaunti ilipoanza mpango wake wa chakula cha mchana mwaka 2023, watoto wakija na bangili zao za kulipia na shilingi 5 zao, kuna mwalimu ambaye mapumziko yake ya mchana yaliisha siku hiyo. Kisha ibandike hiyo karatasi stafrumu, nawe jina lako likiwemo. Usiseme neno. Waache waisome siku mbili. Mimi nilipoibandika ya kwangu niligundua, pamoja na wengine wote, kwamba mwalimu niliyekuwa nikimwita mlalamishi alikuwa na vipindi sita zaidi ya rafiki yangu. Mgala muue, na haki umpe. Nilimwomba radhi na kumpunguzia vinne. Hakuwahi kuwa malaika baada ya hapo, lakini darasani aliingia.

Kuna jambo jingine la ratiba ambalo ni lenu nyinyi wenye shule za pamoja. Kipindi cha gredi za chini ni dakika 30, cha gredi za juu za msingi ni 35, cha sekondari msingi ni 40. Una kengele moja? Basi kila siku kuna mtu anaambiwa na kengele atoke kabla hajamaliza, au akae baada ya kumaliza, na baada ya wiki tatu kila mtu anaipuuza. Sehemu ya lile tatizo lako la "kipindi kinafika nusu" huenda ni kengele tu. Weka saa kubwa ukutani kwenye kila ghorofa, na kengele iwe ya mapumziko na ya kurudi nyumbani. Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa aliyeandika kanuni zake 14 mwaka 1916, angekuambia vilevile kwamba mtu mmoja apokee amri kutoka kwa mkubwa mmoja. Gredi ya 7 ilipoanza mwaka 2023 ndani ya shule za msingi, walimu wa sekondari msingi walijikuta chini ya mwalimu mkuu wa msingi, wengi wao wakiona wana masomo ya juu kuliko wanaowaamuru. Hilo la nani mkubwa halitaamuliwa ofisini mwako. Unachoweza kuamua ni kwamba mwalimu wa Gredi ya 8 asipate agizo moja kutoka kwako, la pili kutoka kwa naibu wa sekondari msingi, na la tatu kutoka kwa mwenyekiti wa Bodi aliyepitia tu kusalimia.

Sasa Herzberg, mpenzi wa wahadhiri wa elimu. Utafiti wake wa 1959 ulihusu wahandisi na wahasibu 203 wa eneo la Pittsburgh, na alichosema ni kwamba vitu vinavyomkera mtu kazini si upande wa pili wa vitu vinavyomridhisha. Mshahara, sera, usimamizi na mazingira vikiwa vibaya vinaudhi. Vikiwa vizuri, mtu anaacha kuudhika, basi. Kinachomvuta ni kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe, kupewa dhamana. Wakosoaji wake walimwambia kwamba mwanadamu yeyote ukimuuliza atajipa sifa mafanikio na kuyatupia mazingira lawama ya maudhi, na nadhani wana hoja. Hata hivyo tofauti yake inasaidia kwa jambo moja: inakuzuia kutarajia shukrani pasipo na shukrani. Tengeneza choo cha walimu. Kiwe na kitasa, maji na sabuni. Hakuna atakayefundisha hesabu za sehemu kwa shangwe zaidi kwa sababu ya kitasa, na utasikitika kwamba hakuna aliyesema asante. Usisikitike. Umeondoa mwiba, na mtu hamshukuru aliyemtoa mwiba ambao aliona hakupaswa kuchomwa nao tangu mwanzo. Chai ya saa nne iwe na maziwa, chaki na kalamu za ubao zisiombwe kwa barua. Hayo yamalize kimya kimya, kisha ndipo uzungumzie dhamana.

Na dhamana si kumpa mtu kazi zaidi ukaiita heshima. Wakuu wetu hupenda hilo. "Nimekuamini, utakuwa mwalimu wa vitabu." Dhamana ni kumwachia mtu uamuzi. Mwambie mwalimu wa sayansi: hizi ndizo fedha zilizotengewa vifaa vya somo lako muhula huu, wewe ndiye utakayepanga zinunue nini, nami nitatia sahihi utaratibu ukifuatwa. Utaona tofauti ya macho yake.

Vroom nitamtumia kwa dakika chache, lakini ni dakika za maana, kwa kuwa ndiye anayeeleza kwa nini kombe lako lilianguka. Mwaka 1964 alisema mtu hujitahidi ikiwa anaamini mambo matatu: kwamba bidii yake itazaa matokeo, kwamba matokeo yataleta malipo, na kwamba malipo yenyewe anayataka. Wewe, kama wengi, ulikimbilia kile kiungo cha tatu, ukafikiri walimu wamekosa cha kutamani. Mimi nikiitazama shule ya Eastlands naona kiungo kilichokatika ni cha kwanza. Mwalimu ana watoto 70, vitabu vya kugawana watatu watatu, robo ya darasa imehamia kutoka mtaa mwingine katikati ya mwaka, na baadhi wamefika Gredi ya 5 hawajui kusoma. Haamini tena kwamba akijitahidi kitu kitabadilika. Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha kombe unamchokoza. Mpe badala yake kitu kidogo kitakachomthibitishia kwamba bidii yake inafika mahali. Apimie kusoma kwa watoto kumi tu walio nyuma, mwanzo wa muhula na katikati yake, kwa hadithi fupi ya ukurasa mmoja. Wakisogea watatu, amepata jibu ambalo hakuna mkutano wa motisha ungempa.

Maslow, yule aliyesema mahitaji ya msingi kama chakula hutangulia mengine, mwandikie mhadhiri wako kwenye mtihani, na ukipenda mchoree piramidi, ingawa Maslow mwenyewe katika makala yake ya 1943 hakuchora piramidi yoyote. Kwa kazi yako mchukulie hivi: sheria yetu ya ajira hairuhusu makato yapite theluthi mbili za mshahara, na kuna walimu wako wanaoishi na ile theluthi iliyobaki kwa sababu ya mikopo. Ukimwona mtu anauza mandazi stafrumu au anakimbilia masomo ya ziada ya jioni, usianze na hotuba ya wito. McGregor naye, na mameneja wake wawili wa 1960, mmoja anayeamini watu ni wavivu na mwingine anayeamini watu watajituma wakiachwa, ni wa kujipima mwenyewe. Lile daftari langu la mstari mwekundu lilitoka kwa meneja wa kwanza, na lilinizalia watu wa kulindwa.

Kuhusu kuchelewa kwenyewe, uliza watu wanatoka wapi kabla ya kuuliza kwa nini. Mwalimu anayeishi Kitengela au Ruai kwa sababu ya kodi na anayefundisha Eastlands anapambana na Mombasa Road au Kangundo Road kila alfajiri. Mwingine anaishi nyumba ya tatu kutoka langoni na bado anachelewa. Hao si wagonjwa wa ugonjwa mmoja. Wa kwanza mwondolee kipindi cha kwanza siku mbili au tatu na umpe cha mwisho, abadilishane na mwenye watoto wadogo anayetaka kuwahi nyumbani. Waache wapange wao, wakuletee. Wa pili ni suala la nidhamu, nalo nisikufiche: nadharia ya motisha haitibu kila kitu. Kuna mwalimu anayekunywa pombe saa za kazi, kuna asiyeonekana wiki nzima. Huyo anapewa nafasi ya kujieleza kwa maandishi, kumbukumbu zinawekwa, na hatua za Tume zinafuatwa. Nimewaona wakuu wakimbembeleza mtu kama huyo mwaka mzima kwa jina la Mayo, huku wenzake wakifundisha madarasa yake. Kwa mizani ya Adams, hao wenzake ndio walioonewa.

TPAD usiichukie, wala usiiabudu. Ikijazwa siku ya mwisho inageuka lile daftari langu, safari hii kwenye kompyuta. Lakini ndani yake kuna sehemu moja yenye uhai, kule kuketi nyuma ya darasa na kumwangalia mwalimu akifundisha. Mwache achague kipindi chenyewe. Baadaye, kabla ya fomu, kaeni dakika 15 na umuulize swali moja: ni wapi uliona watoto wamekuacha? Nyamaza. Ukijibu wewe, mazungumzo yamekwisha. Kisha siku nyingine aje yeye akuangalie wewe ukifundisha, maana natumaini bado una vipindi. Mwalimu mkuu asiye na hata kipindi kimoja huwa na maoni mengi kuhusu chaki.

Haya, turudi kwa kombe. Mwaka 1998 na 1999, huko Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, kulikuwa na jaribio la kuwatuza walimu kwa alama za watoto. Shule 50 zilizochaguliwa kwa kura kati ya 100 ziliingia katika mpango; zilizoshinda, walimu wa darasa la nne hadi la nane walipata suti, vyombo vya mezani, seti za chai, mashuka na mablanketi. Alama kwenye mtihani uliohusishwa na zawadi zilipanda. Walimu hawakuongeza kuhudhuria, wala mazoezi ya nyumbani hayakuongezeka. Walichoongeza ni vipindi vya kuwaandaa watoto kwa mtihani, na mpango ulipoisha lile ongezeko halikudumu. Kumbuka hapo zawadi ilikuwa ya walimu pamoja, si ya mtu mmoja. Yako ilikuwa ya mtu mmoja, kwa alama za darasa, yaani atakayeipata ni yule uliyempa darasa jepesi kwenye ratiba. Walimu wa gredi za chini waliliona hilo kabla yako. Mtoto anayemletea mwalimu wa Gredi ya 6 alama nzuri alifundishwa kusoma na mwalimu wa Gredi ya 1, na kwenye sherehe yako huyo angekuwa nyuma akishika watoto wasipige kelele. Chanda chema huvikwa pete, ni kweli, lakini wazee hao hao walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na shuleni hii ya pili ndiyo inayotawala.

Kwa hivyo lifute. Usilifiche kwa kuliahirisha. Simama Jumatatu, sema nilitangaza kombe, nimewasikiliza, nimeona halikuwa sawa, halitakuwepo. Sekunde 30, bila maelezo marefu. Wengine watakucheka, na hasa wale wa sekondari msingi, lakini mtu aliyewahi kumsikia mkubwa wake akisema "nilikosea" huwa anasikiliza kwa makini tangazo linalofuata. Na tangazo linalofuata liwe lile la karatasi kubwa ya ratiba. Wiki hiyo mpelekee mwalimu wa Gredi ya 1 madaftari mawili ya watoto wa Gredi ya 6 wanaoandika insha nzuri, wale aliowafundisha yeye, umwachie mezani ayasome. Usimwite mtu wa picha.

Lile bamba lenye maneno "Mwalimu Bora" linang'oka kwa bisibisi. Fundi akishaweka jipya, kombe lipeni timu ya kandanda ya watoto.